Mfumo, Betri na Mkandarasi: Istilahi Katika Mgogoro wa Leseni za Sola

Katika kurasa hizi tumezoea kuzihakiki istilahi zilizokwisha kutumika nyumbani, ama katika vitabu vya shule, ama katika magazeti, ama katika maandishi ya ofisi. Safari hii tumeona inafaa tuvuke bahari kidogo. Katika jimbo la California, nchini Marekani, umekuwapo kwa miaka kadhaa mgogoro ambao kwa juu ni wa biashara, lakini kiini chake ni fasili ya neno moja. Wakandarasi wa aina mbili waligombania haki ya kufunga betri za kuhifadhi umeme katika nyumba zenye sola. Jibu lilitegemea swali ambalo kila mtunga istilahi analijua: jina la kitu kizima huchukua sehemu zipi, na huishia wapi?

Tulianza kwa kujaribu kuzifasiri kanuni za mgogoro huo kwa Kiswahili, kwa nia ya kupima kama msamiati tulio nao wa nishati unatosha. Tulikwama tangu mstari wa kwanza, na kukwama huko ndiko kulikotuzalia makala haya. Nia yetu si kuwahukumu wakandarasi wa California. Twataka kuonyesha kwamba istilahi iliyotungwa kivivu yaweza kumnyima mtu kazi yake, au kuihatarisha nyumba ya mtu, na kwamba hatari hiyo haiko mbali nasi.

Chanzo cha mgogoro

Kazi ya kutoa leseni za ujenzi California iko mikononi mwa Bodi ya Jimbo ya Leseni za Wakandarasi, chombo kilichoanzishwa mwaka 1929. Bodi huwagawa wakandarasi katika madaraja yenye herufi na nambari, na mawili kati ya hayo ndiyo yanayotuhusu. La kwanza ni C-10, mkandarasi wa umeme. Kanuni inamruhusu kufunga nyaya, vifaa na mitambo yote inayozalisha, inayosafirisha, inayogeuza au inayotumia umeme, seli za sola zikiwamo. La pili ni C-46, mkandarasi wa sola. Huyu kanuni ilimruhusu kufunga, kurekebisha, kutunza na kutengeneza mifumo ya nishati ya jua, ya joto na ya umeme, kisha ikamkataza kugusa fani nyingine za ujenzi isipokuwa pale zinapohitajika ili mfumo huo ufungwe.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo ya C-46 neno betri halikutajwa. Kwa muda mrefu kimya hicho hakikumdhuru mtu. Nyumba nyingi za huko zimeunganishwa na gridi: mchana paneli hutoa umeme, ziada hupelekwa gridini, na usiku nyumba huchota kutoka gridi hiyo hiyo. Betri ilikuwa kitu cha wachache.

Hali ilibadilika. Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ya umeme ya PG&E iliwakatia umeme mamia ya maelfu ya wateja wake kwa kuhofia kwamba nyaya zingewasha moto wa nyika wakati wa upepo mkali, na wenye nyumba wengi wakaanza kuiona betri kuwa ni haja. Kisha Desemba 2022 tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo hilo iliamua kwamba, kuanzia Aprili 2023, wateja wapya wa sola walipwe kidogo zaidi kwa umeme wanaoupeleka gridini. Tangu hapo, mwenye paneli asiye na betri hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kumzuia mkandarasi asifunge betri kukawa karibu sawa na kumzuia asifanye kazi ya sola yenyewe.

Mnamo Julai 2021 Bodi ilipiga kura kwamba wakandarasi wa C-46 wasifunge betri za hifadhi. Wenye kampuni za sola walikwenda mahakamani, na Bodi ikalazimika kushika njia ndefu ya kutunga kanuni rasmi. Katika kanuni iliyopitishwa mwaka 2024, mfumo wa hifadhi kwa betri ulipewa fasili yake peke yake, na mkandarasi wa C-46 akaruhusiwa kuufunga kwa masharti: uwe pamoja na sola, uwe katika nyumba ya kaya moja au mbili, na usizidi kilowati-saa 80.

Kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Mafundi wanaoajiriwa na mkandarasi wa umeme hutakiwa na sheria ya jimbo wawe na cheti, na fundi umeme wa jumla hukipata baada ya kufanya kazi kwa saa 8,000 pamoja na kufaulu mtihani. Sharti hilo halikuwahusu mafundi wa C-46. Chama cha wafanyakazi wa umeme, IBEW, kilisema kwamba betri za lithiamu ni umeme wenye hatari na zinataka mkono uliofunzwa. Wakandarasi wa sola nao walisema kwamba wamezifunga betri kwa miaka mingi, na kwamba kuwatoa kazini ni kuwapandishia wananchi gharama na kuwaondolea wafanyakazi riziki kwa sababu ya neno ambalo kanuni ilisahau kulitaja.

Mfumo unaishia wapi?

Tuje sasa kwenye lugha. Neno lililobeba ugomvi wote ni lile ambalo kwa Kiswahili tumelizoea kuwa ni mfumo. Neno hili ni zuri, kwa kuwa asili yake yaonekana wazi: ni tokeo la kufuma. Nguo iliyofumwa ina nyuzi nyingi, na ukiuchomoa uzi mmoja ulio muhimu, nguo hufumuka. Tukikitumia kipimo hicho tutauliza: ukiiondoa betri, sola hufumuka?

Jibu hutegemea mahali. Katika kijiji ambacho nguzo za umeme hazijafika, paneli isiyo na betri huzima jua linapozama, yaani saa ile ile taa inapohitajika. Hapo betri ni uzi wa katikati ya nguo. Ndiyo maana kwetu mtu akisema amenunua sola, msikilizaji haoni haja ya kuuliza kama amenunua na betri. Neno moja hutaja paneli, betri, taa na waya wa kuchajia simu. Lakini katika nyumba ya California iliyounganishwa na gridi, paneli hufanya kazi yake yote mchana bila ya betri kuwapo. Ukiiondoa betri nguo inabaki, ingawa imepungua urefu.

Sheria za jirani zetu zinathibitisha tofauti hiyo. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu umeme wa sola ziliwagawa mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, na katika kuyaeleza madaraja hayo ziliihesabu betri waziwazi: fundi wa T1 alishughulikia mfumo mdogo wa betri moja au paneli moja usiozidi wati 100, wa T2 alipanda hadi wati 300 au betri kadhaa, inveta ikiwamo, na wa T3 alikwenda hadi mifumo mikubwa, pamoja na ile iliyounganishwa na gridi. Watunzi wa kanuni hizo hawakuiacha betri nje ya mlango. Waliifanya kuwa ngazi ya kupimia ujuzi wa fundi, kwa sababu katika mazingira yao sola bila betri ilikuwa nadra.

Kwa hiyo mfasiri akiichukua kanuni ya California na kuandika tu mfumo wa sola, msomaji wa Mwanza au wa Kitui hataelewa ugomvi ulitoka wapi. Atasema: bila shaka betri imo, watu hawa wanagombania nini? Maneno yatakuwa sahihi yote, na maana itakuwa imepotea. Hapa pana funzo kwa wanaodhani kwamba istilahi ikishasanifiwa kazi imekwisha. Istilahi moja yaweza kusanifiwa na ikaendelea kutaja vitu viwili katika nchi mbili.

Jina linaloamua shauri kabla ya hakimu

Tatizo la pili ni la jina la betri yenyewe. Mitaani twasikia betri ya sola. Jina hili ni fupi, lafahamika, nasi hatuna ugomvi nalo dukani. Lakini tulipoliingiza katika tafsiri yetu tuligundua kwamba lilikuwa limekwisha kumpa ushindi mkandarasi wa C-46. Ikiwa betri ni ya sola, na mkandarasi ni wa sola, kuna shauri gani tena? Kiunganishi -a kimefanya kazi ya hakimu.

Hoja ya upande wa pili ilikuwa hiyo hiyo kwa kinyume. Walisema kwamba betri ya nyumbani yaweza kuchajiwa na paneli mchana na kuchajiwa na gridi usiku. Betri haijui umeme wake umetoka wapi, basi kwa nini iitwe ya sola? Mtu aliyelifasiri jina hilo kwa kifaa cha umeme cha kuhifadhia naye angekuwa amekata shauri, safari hii kwa faida ya C-10. Kosa la aina hii ni gumu kuliona, maana mfasiri mwenyewe hajui kwamba amechagua upande. Twashauri kwamba katika maandishi ya sheria, jina la kifaa litokane na kazi yake, wala lisitokane na chanzo cha kinachoingia ndani yake au na fani ya anayekifunga.

Kazi ya kifaa hiki ni kuweka umeme ili utumike baadaye. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuweka; tunayo hifadhi, akiba, limbiko na ghala. Tuliyapima yote. Ghala hutaja jengo, na jengo ndilo hasa lisilohitajika hapa. Limbiko lingefaa kwa maana, lakini ndugu yake malimbikizo amekwisha kuajiriwa na wahasibu: mteja akisikia malimbikizo ya umeme atadhani anadaiwa. Hifadhi ina maana nyingi, kwani ipo hifadhi ya wanyama na ipo hifadhi ya jamii, hata hivyo maana zote hizo zina shina moja la kutunza kitu kisipotee, na umeme unaingia humo bila kusukumwa. Akiba ni neno zuri mno kuachwa. Lakini kwa mazoea akiba ni kile kilichowekwa, siyo chombo cha kuwekea. Basi twapendekeza yagawane kazi: chombo kiitwe betri ya hifadhi, na umeme uliomo ndani yake uitwe akiba. Hivyo fundi ataweza kusema kwamba betri ya hifadhi ni nzima ila akiba imebaki robo, na mwenye nyumba ataelewa mara moja.

Betri moja, ukubwa mara elfu themanini

Jambo la tatu linahusu kadiri, na hapa uzembe wa maneno waweza kuwa hatari kwa maisha ya watu.

Mnamo Aprili 2019, katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, kituo cha betri cha kampuni ya umeme kililipuka, na askari wa zimamoto wakajeruhiwa vibaya. Mnamo Januari 2025, huko Moss Landing, California, kituo kingine kikubwa kiliungua na wakazi wa jirani wakahamishwa. Habari hizi ni za kweli na ni za kutisha. Lakini kituo cha Moss Landing kilichoungua kilijengwa kwa ujazo wa megawati-saa 1,200, yaani kilowati-saa 1,200,000. Betri ya nyumbani iliyoenea sana huko, Powerwall ya pili ya Tesla, ina ujazo wa kilowati-saa 13.5. Tukigawa tunaona kwamba kimoja ni zaidi ya mara 80,000 ya kingine, na lugha imeviita vyote betri. Mwandishi wa gazeti akitangaza kwamba betri zimelipuka, mama aliyetundika moja ukutani karibu na jiko hana njia ya kujua kama habari hiyo yamhusu au haimhusu.

Hatusemi kwamba betri ndogo haina hatari. Lithiamu ikipata joto kupita kiasi huweza kujichochea yenyewe hata isizimike kwa urahisi, iwe kubwa au ndogo. Tunasema kwamba hoja ya hatari inataka majina yanayotofautisha. Twapendekeza kituo cha hifadhi kwa ile mitambo ya makampuni ya umeme, na betri ya hifadhi kwa kifaa cha nyumbani au cha duka.

Hapo hapo tuonye juu ya vipimo. Kanuni ya 2024 iliweka mpaka wa kilowati-saa 80, ambao ni sawa na betri tano za aina tuliyoitaja na sehemu. Mara nyingi tumeona katika magazeti yetu kilowati na kilowati-saa zikiandikwa kama kwamba ni kitu kimoja. Kilowati hupima nguvu, yaani kasi ya kutoa umeme. Kilowati-saa hupima nishati, yaani jumla ya umeme uliotolewa au uliowekwa. Ndoo na bomba ni vitu viwili: bomba twalipima kwa lita linazotoa kwa dakika, ndoo twaipima kwa lita zinazokaa ndani yake. Mfasiri akiidondosha saa katika mpaka ule, ameandika sheria nyingine ambayo hakuna bunge wala bodi iliyoipitisha. Neno uwezo nalo, ambalo wengi hulitumia kwa vipimo vyote viwili, halifai kusimama peke yake katika kanuni. Aandikaye na aseme nguvu au ujazo. Twafahamu pia kwamba pale Tanzania inaposema nishati, Kenya imezoea kusema kawi. Hilo laweza kuvumilika katika jina la wizara, lakini si katika jedwali la vipimo.

Fundi na mkandarasi

Mwisho tulitazama majina ya watu. Mgogoro wote ulihusu leseni ya mkandarasi, lakini hoja nzito kuliko zote ilikuwa ya cheti cha fundi. Hivi ni vitu viwili. Leseni hupewa mwenye dhamana ya kazi, ambaye ataulizwa nyumba ikiungua. Cheti hupewa mwenye bisibisi mkononi. Mtu mmoja aweza kuwa navyo vyote viwili, na kwetu mara nyingi ndivyo ilivyo, ndiyo sababu twachanganya majina. Tukiandika kwamba Bodi iliwakataza mafundi wa sola, tumeficha swali la msingi: je, tatizo lilikuwa ni ujuzi wa anayefunga, au ni daraja la anayemwajiri? Kama ni ujuzi, dawa yake ni mafunzo na cheti kwa mafundi wa pande zote mbili. Kama ni daraja, dawa yake ni mpaka wa kanuni. Neno fundi likitumiwa kwa wote wawili, msomaji hawezi hata kuona kwamba dawa ni mbili.

Kuhusu kitenzi, wapo watakaotaka tuandike kusimika, kwa kuwa kufunga kuna maana ya kuziba na ya kukaza kamba pia. Sisi hatukubaliani nao. Kusimika ni kwa nguzo, na kwa mtu anayepewa kiti. Mafundi wote tunaowajua husema kufunga sola, kufunga inveta, kufunga betri. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na wenye kazi haina haja ya kuhamishwa na watu wa mezani.

Maoni na mapendekezo

Kwa ujumla twaona kwamba kanuni ya zamani ya California ilikuwa na kasoro ya lugha kabla ya kuwa na kasoro ya sheria: ilitaja kitu kizima bila kutaja sehemu zake, kisha ikaacha mazoea yaijaze nafasi hiyo. Mazoea yalipobadilika, nafasi ikawa uwanja wa vita. Kanuni ya 2024 ilirekebisha jambo moja la muhimu, yaani kukifasili kifaa chenyewe badala ya kukifukuza au kukiingiza kwa kimya. Hata hivyo, mpaka wa namba pekee hupimika kwa urahisi kuliko unavyolinda. Betri ndogo iliyofungwa vibaya penye ngazi ya kutokea yaweza kuwa na madhara kuliko kubwa iliyofungwa vizuri nje ya ukuta.

Kwa upande wetu, kwa kuwa betri za lithiamu zimekwisha kuingia madukani kwetu na katika nyumba zilizounganishwa na gridi, maana ya zamani ya neno sola inaanza kuyumba hata hapa. Siku si nyingi nasi tutaulizwa nani afunge nini. Twapendekeza basi kwamba:

1. Katika maandishi ya sheria, mfumo wa sola usiandikwe bila kuorodhesha sehemu zake: paneli, inveta, nyaya, na kama imo, betri ya hifadhi.
2. Kifaa kiitwe betri ya hifadhi, mtambo mkubwa uitwe kituo cha hifadhi, na umeme uliomo uitwe akiba. Betri ya sola libaki kuwa neno la dukani.
3. Nguvu ipimwe kwa kilowati na ujazo kwa kilowati-saa, na neno uwezo lisitumike peke yake.
4. Leseni iandikwe kwa mkandarasi na cheti kwa fundi, wala visibadilishane.
5. Kitenzi kiwe kufunga, na kazi yenyewe iwe ufungaji.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamekamilika. Wasomaji walio mafundi ndio wenye kauli ya mwisho juu ya majina ya vyombo vyao, nasi twawaomba watuandikie, hasa pale tulipokosea.